Manyoya ya Nel

Kisanduku namba saba alikitundika Emrys mwenyewe, mume wa rafiki yangu Mair, kwenye mti wa mwaloni ulio karibu na lango la msitu. Kila Jumanne ya mwezi wa Mei mimi hupanda ngazi, nikafungua visanduku vya ndege kutagia, nikahesabu mayai na vifaranga na kuandika kwenye kadi. Jumanne ile nilikuta vifaranga tisa, wote wamekufa. Hawakuwa wamekonda. Walikuwa wamebanana juu ya manyoya meusi na meupe, laini kama pamba.

Rhodri, anayetuongoza sisi tunaojitolea kuutunza msitu, alikuwa ameshika ngazi. Nilimpa kile kiota.

"Manyoya ya mbwa gani haya, Bi Olwen?"

"Nel wa Mair."

"Huwa anatiwa dawa ya viroboto?"

"Kila mwezi. Matone shingoni."

Aligeuza kiota mkononi. "Dawa hubaki kwenye manyoya. Ndege wakiyatandika, watoto wanakufa. Kwingine je?"

"Namba tano na namba nane wametandika haya haya. Bado wako hai."

"Hatuwezi kuyatoa sasa, mama zao watakimbia. Jumamosi tukikutana, itabidi niseme mbele ya wote."

"Mair niachie mimi kwanza."

Sikumwambia sababu. Emrys alipozikwa Februari, Mair alijifungia ndani. Nilikuwa nikimpelekea supu ya kondoo, naikuta kesho yake imeganda. Mimi ndiye niliyemwambia amchane Nel, ajaze manyoya kwenye kikapu cha waya, akitundike langoni ili ndege wa Emrys wapate kitanda cha joto. Tangu siku ile alikuja msituni kila asubuhi. Aliketi kwenye benchi, maua ya buluu yametanda hadi miguuni pake, akiwatazama ndege wakivuta manyoya. Alianza kula. Sasa niliogopa kwamba mlango ule utafungwa tena, na safari hii usifunguke.

Nilimkuta jikoni, Nel miguuni, kitana mkononi.

"Umekuja na uso wa mazishini," alisema. "Vua buti, nimepiga deki."

Nilivua. Nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama na soksi zangu. Mkono wake uliendelea kuchana kidogo, kisha ukaacha.

"Namba saba?"

"Namba saba."

"Wangapi?"

"Tisa."

"Ungesema wawili tu, ningekuamini."

Alikusanya manyoya yaliyokuwa mapajani, akayatia kwenye jiko la kuni. Nyumba nzima ilinuka. Nel aliinuka akaenda kulala mbali.

"Mair, mimi ndiye niliyekwambia—"

"Kunywa chai, Olwen. Inapoa."

Siku tatu zilizofuata benchi lilikuwa tupu. Kikapu kilikuwa kimeondolewa. Nilipita mbele ya nyumba yake mara mbili, nikaona mapazia yamefungwa.

Jumamosi tulikusanyika langoni, watu kumi na wawili, na mvua ya manyunyu ikinyesha. Rhodri alikuwa anakohoa ili aanze kusema nilipomwona Mair akija, peke yake, bila Nel.

"Kuna vifaranga wamekufa," alisema kabla hajafika. "Manyoya niliyaweka mimi. Wazo langu mwenyewe, sikumuuliza mtu. Mwenye mbwa asifanye kama mimi."

Nilifungua mdomo. Alinikanyaga buti, kwa uzito kabisa, huku anamtazama Rhodri.

Hakuna aliyemlaumu. Mmoja alimpa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake, mwingine akamwinulia kofia ya koti kwa sababu mvua ilikuwa imeongezeka. Mair hakuwashukuru. Alitazama kisanduku namba saba, kitupu, kisha akatazama chini.

Jumanne alinisubiri penye ngazi.

"Leo nitaishika mimi," alisema. "Rhodri ana mikono ya siagi, kila kitu kinamteleza."

Nilipanda hadi namba tano, nikainua kifuniko.

"Wako hai?" aliuliza kutoka chini.

"Hapana."

Ngazi ilitikisika kidogo chini ya miguu yangu, kisha ikatulia.

"Andika," alisema. "Halafu shuka polepole, twende namba nane."