Dumu la Tatu

Mzee Pancras alipoleta dumu la kwanza la rubisi, pombe ya ndizi, sikumfikiria vibaya. Alikuwa mwenye nyumba wetu tangu binti yetu Iteka akiwa darasa la kwanza, na migomba yake inazaa kuliko ya mtu yeyote hapa Nyakahura. Nilidhani amekamua nyingi, kakosa wa kunywa naye. Alikaa kibarazani na mume wangu Gervasi, wakanywa, wakazungumzia mvua na bei ya maharage, kisha akaaga. Alipofika njiani aligeuka kama mtu aliyesahau kofia, akaitazama nyumba, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akaja na dumu kubwa zaidi. Akanywa, akazungumzia mvua ile ile, akaondoka.

Hapo nikaanza kupiga hesabu zangu. Kwetu, na hata kwao Wasubi, wenyeji wa hapa, mtu mwenye neno zito haji nalo mikono mitupu. Analitangulizia pombe. Mnakunywa kwanza, neno linafuata, na ukishakunywa huwezi tena kujifanya hukusikia. Sasa mtu akileta pombe mara mbili na neno halitoki, basi ni neno la kuona haya. Na ndani ya nyumba yetu niliona jambo moja tu la kumfanya mzee mzima aone haya: binti aliyemaliza kidato cha nne, mrefu, mchapakazi, anayenisaidia kuuza chai na chapati chumba cha mbele. Mzee Pancras naye ana kijana, Danstan, fundi umeme huko Geita. Krismasi alipokuja likizo alikunywa chai kwetu siku tatu mfululizo.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilimwambia Gervasi, akasema tusubiri, tusijitie kiherehere. Lakini jioni nikamsikia anapiga mluzi akifunga mbuzi.

Iteka alicheka. Alisema Danstan hajawahi hata kumuuliza jina, anamwita dada wa chai. Nikamkaripia. Nikamwambia kijana mwenye adabu haulizi, anatuma wazazi. Hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu huu.

Niseme na sababu, maana bila hiyo mtaniona mjinga mtupu. Wazazi wa Gervasi walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Vitambulisho tunavyo, kura tunapiga, misiba tunachangia. Lakini gombana na mtu sokoni juu ya nafasi ya meza, uone kama neno la kwanza halitakuwa rudi kwenu. Nilitaka wajukuu ambao hakuna mtu angewaambia warudi popote. Na nyumba ile niliyokuwa nikiifagia kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, nilitaka iwe ya mwanangu. Nilitaka sana, na ukitaka kitu kiasi kile unakiona hata mahali kisipokuwapo.

Basi mzee Pancras akapita siku moja kwenye chai, akasema Jumapili baada ya misa atakuja na Thobias, mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu ana neno na anataka pawe na shahidi. Shahidi! Kidogo nimkumbatie.

Niliazima viti kwa jirani yangu Kalista, na nikamwambia ni vya nini. Kalista ukimwambia jambo asubuhi, mchana Nyakahura nzima inalia nalo ugali. Nilijua hivyo, ndiyo maana nilimwambia. Gervasi akamwita baba yake mdogo, mzee Niyongabo, atoke Kibimba aje kuwa msemaji wetu. Nikachinja jogoo. Iteka nikamvika kitenge changu cha sherehe, nikamketisha chumba cha ndani na mlango nikauacha wazi kidogo. Hakubisha. Alinitazama tu, akakaa.

Dumu la tatu mzee Pancras alilibeba mwenyewe, na koti kavaa. Tukanywa. Alikunywa haraka haraka, macho chini, jasho linamtoka, nami nikampenda kwa haya zake. Mzee Niyongabo hawezi kumwona mtu akiteseka, akaamua kumsaidia.

"Mzee Pancras, usihangaike," alisema. "Pombe yako tumeinywa na neno lako tumeshalijua. Binti ni wako. Mwambie Danstan tumekubali."

Thobias alimgeukia mzee Pancras. Mzee Pancras akaweka glasi yake sakafuni, taratibu, akauliza binti gani. Kisha nikaona uso wake unaelewa. Alipoongea tena ilibidi niiname ili nimsikie. Alisema Danstan ameshapata mchumba, muuguzi aliyepangiwa kazi zahanati ya huku kwetu. Ndoa ni mwezi ujao.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya nyumba," alisema. "Wataishi hapa. Nilitaka kuwaambia mhame mwisho wa mwezi huu, nikawa nashindwa."

Niliona aibu hadi masikio yakaziba. Jogoo alikuwa mezani, mapaja juu. Viti vya Kalista vilikuwa vimejaa. Nje kulikuwa na watu wanaopita polepole kuliko kawaida, na kila mmoja nilikuwa nimemwalika kwa ulimi wangu. Unajua nilifanya nini? Nilimwongezea mzee Pancras pombe. Mikono yangu ilikuwa imejiandaa kukirimu wakwe, haikujua kazi nyingine.

Gervasi alisimama. Alisema hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi, Jumapili ijayo tutakuwa tumeondoka. Mimi nikaitikia kwa kichwa, tena haraka. Nyuma ya nyumba maharage yangu yalikuwa yametoa maua. Wateja wangu wote walikuwa wanaujua mlango ule. Pa kwenda hatukuwa napo. Na mkataba wetu ulisema mwenye nyumba akiitaka nyumba yake atatoa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla. Gervasi alijua, mzee Pancras alijua, na Thobias ndiye aliyeushuhudia kwa mkono wake. Hakuna aliyeutaja. Thobias alifungua mdomo, akaangalia jogoo, akaufunga. Mimi nilikuwa radhi kuyaacha maharage, wateja na miezi yote mitatu, mradi tu nisionwe na mtu.

Ndipo Iteka akatoka, na kitenge changu mwilini.

Aliwaamkia mmoja mmoja. Mzee Pancras aliitikia marahaba akiiangalia sakafu. Mzee Niyongabo akamwambia arudi ndani, haya si mambo yake. Hakurudi.

"Baba, samahani kwa kuingilia," alisema. "Pombe mliyokunywa ninyi ilikuwa ya kuniposa mimi, na posa haipo. Ya kutuhamisha bado hatujainywa." Akamgeukia mzee Pancras. "Nyumba ni yako, babu, hatukatai. Ila mkataba unasema miezi mitatu, na kwa maandishi. Ukileta barua kesho, tutaanza kuhesabu kesho."

Gervasi alimgeukia. Alimwambia anyamaze, anatuongezea aibu juu ya aibu.

"Aliyevishwa kitenge ni mimi, baba," alisema Iteka. "Kama kuna wa kukimbia hapa, ni mimi. Na mimi sikimbii."

Nilidhani nimeshamaliza kuona aibu siku ile. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa ya watu tu. Hii ilikuwa ya mwanangu, niliyemvika, nikamketisha, halafu mambo yalipoharibika nikaitikia kwa kichwa tuondoke bila hata kuuangalia ule mlango wa chumba chake.

Thobias alikohoa, akasema binti amenena haki. Mzee Pancras akaondoka na dumu likabaki. Barua aliileta Jumanne, mchana kweupe, bila pombe. Alisimama nje akingoja Iteka aisome na kuweka sahihi kwamba ameipokea. Alimwambia, mwanangu, unisamehe, ningesema siku ya kwanza. Iteka akamjibu kwamba ndiyo, angesema. Kisha akamuuliza kama atakunywa chai.

Miezi ile mitatu ilikuwa mirefu. Muuza nyanya wa karibu na stendi aliniita mama mkwe kila aliponiona, na Kalista alicheka hadi akaona aibu kwa niaba yangu. Niliuza chai macho yakiwa kwenye sufuria. Siku moja, peke yetu jikoni, nilimwomba Iteka radhi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno, nikayatoa yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, chapati inaungua."

Maharage tuliyavuna, tukayapura, tukayatia guniani. Nyumba nyingine tulikuwa tumeipata ng'ambo ya soko, nyuma ya mashine ya kusaga. Siku ya kuhama nilitaka tuondoke alfajiri kabla watu hawajaamka. Iteka alikataa. Aliita guta saa nne, siku ya gulio. Kwanza alifagia vyumba vyote, kibaraza na uwanja, akamkabidhi mzee Pancras ufunguo mkononi. Mzee alivua kofia.

Tukapita katikati ya soko, kitanda kimepinduliwa juu, miguu hewani. Gervasi alitembea mbele kama mtu asiyetufahamu. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga hadi machoni. Iteka alikaa juu ya gunia la maharage na kioo magotini, akimsalimia kila mtu kwa jina lake na kumwelekeza tunakohamia, na kwamba kesho chapati zitakuwepo kama kawaida.

Tulipofika kwa muuza nyanya nilimwona anafungua mdomo. Nikaishusha kanga mabegani, nikamsalimia mimi kwanza.