Mbirimbi wa Nyuma ya Jiko

Mwaka ule wa 2003 mbirimbi ulizaa mpaka ukatia hofu. Mabirimbi yalilifunika shina kuanzia usawa wa magoti hadi matawini, vishada kwa vishada, na yaliyoiva yakawa yanadondoka kwenye saruji na kupasuka, ua zima likanuka ukali. Mtu mwingine angesema mti huu una lake jambo. Nunu binti Harub alisema alhamdulillahi, akaingia ndani kuchukua beseni.

Nunu hakuwa mjinga, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mkutubi wa chuo kikuu, dakika kumi kwa gari kutoka nyumbani kwao Al Khoudh, huko Omani, na alisoma kila karatasi iliyopita mezani pake. Lakini moyoni alikuwa na kitu. Mama yake alikufa kwa sukari mwaka wa tisini na nane, amekatwa mguu mmoja, kisha wa pili, na wiki ya mwisho alikuwa akiomba kijiko cha halwa. Nunu ndiye aliyempa. Hakuwahi kumwambia mtu.

Basi akabaki na baba. Mzee Harub, mzaliwa wa Tanga, mstaafu wa wizara, miaka sabini na mbili, mpenzi mkubwa wa samli. Nunu aliapa huyu hampotezi. Samli aliimwaga. Soda, mkate mweupe na vitumbua akavipiga marufuku. Mlangoni mwa friji akabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, kila mwezi na kinachotoka shambani mwezi huo: figili na mboga za majani baridi ikiingia, maembe ya Batina mwezi wa sita, rutabu, tende mbichi, mwezi wa saba, makomamanga ya mlimani mwezi wa tisa. Jodari wakiwa wengi sokoni Mutrah, nyumba nzima inakula jodari. Mkate ni wa shayiri. Cha kopo hakiingii.

Na mambo yakawa mazuri kweli, hakuna wa kulipinga hilo. Mwaka mmoja tu mzee akapungua kilo kumi na moja, sukari ikatulia, akaanza kutembea pwani ya Qurum kila Ijumaa na mwanawe Muhanna, aliyekuwa akiishi huko. Muhanna alijaribu mara mbili kuingia na boksi la halwa, na mara mbili boksi lilirudi garini.

"Unamtesa mzee wa watu," alimwambia dada yake.

"Nnamtunza. Weye mama ulimtunzaje?"

Muhanna akaokota funguo za gari. Neno hilo Nunu alikuwa nalo siku zote, na alijua pa kulipiga.

Kilichokuwa hakijashuka ni mafuta ya damu. Kila vipimo vikirudi, namba ni ileile. Ndipo mwenzake mmoja wa kazini, mama wa Kihindi kutoka Kerala, alipomwambia kwamba kwao watu wenye tatizo hilo husaga mabirimbi mabichi wakanywa maji yake. Nunu nusura amkumbatie. Dawa iko nyuma ya jiko! Mti ule aliupanda mama mwenyewe. Mche ulitoka Tanga ndani ya kopo la maziwa, ukakua kwenye kivuli cha ukuta kwa kunywa maji yanayodondoka kutoka kwenye eyakondishini. Nunu aliona kama mama ameutuma mkono.

Sasa, kwa watu wa Tanga na Unguja birimbi ni kiungo. Mama alitia matatu, manne, kwenye mchuzi wa nguru. Yaliyozidi aliyatia chumvi akayaanika kwa ajili ya achari. Hakuna aliyewahi kuyanywa kwa glasi. Nunu alilijua hilo vizuri, na halikumpa wasiwasi hata kidogo.

Kazi ya kukamua ilimwangukia Veneranda, msichana wa nyumbani, Mhaya wa Muleba, aliyekuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile. Kila siku beseni moja, na vidole vyake vikawa vinachonyota. Makapi hakuyatupa, aliyatumia kusugulia vyombo. Siku moja akamwita Nunu jikoni, akamwonyesha dala la shaba la marehemu mama, birika la kahawa lililokuwa jeusi kwa miaka. Lilikuwa linang'aa.

"Madamu, hii kitu sio mchezo. Nimepaka tu, nikageuka kuosha vikombe. Kurudi, weusi wote umeliwa. Sijasugua hata."

"Si ndiyo raha yake hiyo. Inasafisha."

"Hili ni la shaba, madamu. Babu ana nyama."

Nunu alicheka, akamwambia asiwe mwoga. Kicheko kilikuwa cha kweli. Alikuwa na furaha siku hizo.

Glasi ya kwanza ilikuwa asubuhi, mwezi wa tatu. Mzee Harub aliinusa, akafumba jicho moja.

"Nunu mwanangu, hiki si kinywaji. Hii adhabu."

"Haya, n'takunywa nawe. Yangu nusu, yako nzima. Bismillahi."

Akatangulia yeye, ili mzee asione analazimishwa. Kutoka siku hiyo ikawa ada ya nyumba: glasi nzima na nusu glasi baada ya sala ya alfajiri, glasi nzima na nusu glasi baada ya magharibi. Mzee alikunja uso, akanywa, akasema, "Hasbuna Allah," yaani Mungu anatutosha. Alikunywa kwa sababu binti yake alikuwa akimtazama, na kwa sababu tangu mama afe hakuwa na nguvu ya kumkatalia kitu.

Mwezi wa tano mafuta yalishuka. Nunu aliileta ile karatasi ya vipimo mezani akaisoma kwa sauti. Wiki iliyofuata mzee alishikwa na kwikwi.

Ilianza chakulani, watu wakacheka. Ikaendelea siku ile nzima, na ya pili, na ya tatu. Alikuwa akikwikwika katikati ya sala, na kati ya kwikwi moja na nyingine nyumba yote ilisubiri. Kisha hamu ya kula ikaisha. Kisha kiuno kikamuuma, akawa anatembea ameshika ukuta. Nunu alikuwa amesoma mahali kwamba sumu za miaka zikianza kutoka mwilini, mwili huchafuka kwanza. Akasema basi ndizo zinazotoka. Akapunguza chumvi chakulani, akajaza glasi mpaka ukingoni.

Yeye mwenyewe alihisi viatu vinambana. Akasema ni joto.

Aliyeona kilichokuwa kikitokea ni Veneranda. Alimngoja mlangoni Nunu atoke kazini, akamwambia kabla hajautua mkoba.

"Madamu, babu tangu jana mchana hajakojoa. Mimi ndio nasafisha choo chake, najua. Na kile kidogo cha jana kilikuwa cheusi."

Nje, birimbi lilidondoka juu ya mfuniko wa pipa la taka, wote wawili wakashtuka. Nunu aliingia chumbani kwa baba yake, akamkuta amekaa kitandani, uso umevimba, macho yamekuwa madogo. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Hakungoja hata Muhanna. Walimwingiza mzee garini wakaenda hospitali.

Daktari wa figo alikuwa kijana Mwomani, jina lake Osama, mpole, mwenye sauti ya chini. Alibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa Mzee Harub, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale, wazi, halijai. Alilitazama, Nunu naye akalitazama.

"Figo zimesimama," alisema. "Anakula nini?"

Nunu alikuwa na jibu, na alilitoa kwa fahari hata katika saa ile. Shayiri. Samaki. Mboga za msimu. Matunda kwa kiasi. Cha kopo hapana, cha kukaanga hapana. Daktari aliandika huku akishangaa.

"Dawa za kienyeji? Mizizi, majani?"

"La. Hatutumii."

Hakusema uongo. Birimbi halikuwa dawa ya kienyeji. Lilikuwa tunda la uani kwao, alilopanda mama. Halikumjia kabisa.

Mzee akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na kwa siku mbili akaonekana kufunguka. Sasa, katika watu wa Nunu, mgonjwa mwenye watoto hali cha hospitali. Ni aibu, watu watasema ametupwa. Basi kila siku Nunu alikuja na hotipoti ya uji wa shayiri, na pembeni yake chupa ya chai. Ndani ya chupa hamkuwa na chai. Alivuta pazia la kitanda, akammiminia baba yake, akamshika kichwa.

"Kidogo tu, baba. Ulikuwa umeanza kupata nafuu kwa hii."

Mzee akanywa.

Siku ya nne damu ilirudi kuwa chafu kuliko alivyoingia. Daktari Osama alisimama chini ya kitanda na karatasi mkononi, akisema haelewi, mashine inafanya kazi yake na kitu fulani kinairudisha nyuma. Muhanna alianza kusema wampeleke India. Veneranda alikuwa kwenye kona, amekuja kuchukua vyombo. Alitazama chupa, akamtazama Nunu, na usoni mwake ulionekana woga wa mtu anayejua anaweza kupandishwa ndege kesho arudishwe kwao. Kisha akaichukua ile chupa, akaizungusha kifuniko, akampa daktari mkononi.

"Daktari, hadha kul yom," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. Hii kila siku. Akaonyesha vidole viwili. Asubuhi, jioni. Miezi mitatu.

"Wee!" Nunu alipaza sauti. "Nani amekuuliza?"

Daktari alinusa, akarudisha kichwa nyuma. Akauliza ni nini. Mzee Harub mwenyewe ndiye aliyejibu kutoka kitandani, polepole, kwa Kiarabu safi, kwamba ni maji ya birimbi, na kwamba binti yake humpa kwa mapenzi.

Walimchukua kipande cha figo kwa sindano wakakiangalia kwa darubini. Daktari Osama alimwita Nunu na Muhanna, akawaeleza taratibu. Ukali wa tunda lile, likinywewa bichi na kwa wingi, huganda ndani ya figo na kuwa chembe ngumu. Figo za baba yao zilikuwa zimejaa chembe. Matatu kwenye mchuzi hayana neno, alisema. Glasi mbili kwa siku ni jambo jingine.

Nunu hakulia. Alirudi nyumbani, akasimama mbele ya friji, akaisoma ile karatasi yake kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Mbirimbi haukuwemo. Mwaka mzima kila kitu kina msimu wake na kipimo chake, kasoro hicho kimoja. Muhanna alikuja na msumeno kuukata mti, na kwa mara ya kwanza Nunu hakuwa na neno la kumpiga nalo. Veneranda alizoa vishada kwa koleo. Nunu alimwambia, "Nisamehe," naye akajibu, "Madamu, mimi nilitakiwa niseme zamani," na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Madaktari walisubiri figo ziamke. Wiki kumi, hazikuamka. Mzee alikuwa akienda kwenye mashine mara tatu kwa wiki, mkono umejaa michubuko, na mshipa wa kuingizia sindano ukaanza kugoma. Muhanna damu yake haikulingana. Ya Nunu ililingana.

Siku aliyosema "Nampa mimi" ndiyo siku ya kwanza aliyolala usingizi. Ilikuwa haki kabisa, aliona. Alichokiharibu kwa mkono wake atakirudisha kwa mwili wake. Mzee alikataa siku tatu, kisha akakubali, na baada ya kukubali akawa anajisifu kwa wagonjwa wenzake wa mashine, kitanda kwa kitanda. "Yule binti yangu. Yule pale. Atanipa figo yake." Nunu alifanyiwa vipimo vyote, akangoja.

Daktari Osama alimpigia simu kazini, akamwomba aje. Karatasi zilikuwa mezani, amezigeuza uso chini.

"Veneranda aliniambia mzee alikuwa akinywa glasi mbili," alisema. "Sikumuuliza mtu kama wewe ulikuwa unakunywa."

"Nusu," Nunu alisema. "Nusu tu. Nilikuwa namsindikiza."

"Asubuhi na jioni?"

Nunu aliitikia kwa kichwa. Daktari akamweleza. Figo zake zimebaki na theluthi ya nguvu zake. Kutoa haiwezekani, sasa kazi ni kumlinda yeye asifike kwenye mashine, na kama itawezekana hajui.

Alitoka akaenda chumba cha mashine, maana ilikuwa siku ya baba yake. Njiani alipanga uongo: vipimo vimechelewa, wanataka damu tena, tusubiri kidogo. Alijifuta uso, akaingia anatabasamu, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akavua viatu kama alivyozoea siku hizi.

"Wamesemaje?" Mzee Harub aliuliza.

"Wanataka damu tena, baba. Kawaida yao."

Mzee alimtazama usoni, kisha akatazama chini, miguuni.

"Lete mguu."

"Baba, jamani, mbele za watu..."

"Lete, nakwambia."

Akaupandisha kwenye ukingo wa kitanda. Mzee alinyoosha mkono wake usiokuwa na sindano, akaweka kidole gumba kwenye muundi wa binti yake na kubonyeza, kama alivyobonyezwa yeye kila wiki tangu mwezi wa sita. Alihesabu kwa midomo, bila sauti. Kisha akaondoa kidole, wakakaa wote wawili wanalitazama shimo, wakilingojea lijae.