Mtungi wa Harusi

"Bonyeza zaidi," kaka yangu Ognyan aliniambia. "Ukibonyeza napata nafuu."

Nikabonyeza kwa viganja vyote viwili. Tumbo lake lilikuwa bapa, limeingia ndani na kukakamaa kama ubao wa kukandia unga. Kwa siku sita hakuwa amepata choo wala kutoa upepo, na kila alichokunywa alikitapika. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa udaktari katika hospitali ya mji wetu mdogo wa Bulgaria. Yeye, mwalimu wa hesabu, ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye.

Jibu lilikuwa chini ya viganja vyangu. Utumbo unaweza kufunga pasipo kuzibwa na kitu. Kuna unaopooza: unalala kimya, na tumbo linavimba. Kuna unaokaza: unajifinya wenyewe, tumbo linabonyea, maumivu yanakuja na kuondoka, na mgonjwa anaomba akandamizwe. Wa kwanza huachwa upumzike. Wa pili mara nyingi una sumu nyuma yake, na sumu hutafutwa. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Daktari Karadimov, mkuu wa upasuaji, aligusa mara moja tu. "Kuna kitu kimeziba. Kesho asubuhi tunafungua."

"Mbona halijavimba, daktari?"

"Binti yangu, wewe umeona matumbo mangapi?"

Nikanyamaza. Bado naona haya kuliandika neno hilo.

Ognyan aliponiona nimeinamisha kichwa akanichokoza, ingawa jasho lilikuwa linamtiririka. "Usinune, dada daktari. Dawa yako ya vikombe viwili ndiyo iliyotuangusha."

Alikuwa anamaanisha maji ya kabichi. Kwetu kila nyumba hutia kabichi chumvi wakati wa vuli, na maji yake machachu ni dawa ya kila kitu, kuanzia ulevi hadi huzuni. Ognyan alikunywa kikombe kila asubuhi tangu utotoni. Alipoanza kulalamika tumbo mwezi wa kumi na moja, nilimwambia kwa simu anywe viwili, choo kitafunguka.

Walipomfungua nilikuwa nimeshika taa. Hapakuwa na uvimbe, wala fundo, wala kovu. Utumbo ulikuwa mweupe, umejikunja mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Karadimov aliukagua wote kwa vidole, kisha akasema, "Shoneni," akatoka bila kunitazama.

Baada ya hapo ule uliokaza ukapooza. Tumbo likapanda siku baada ya siku hadi ngozi ikang'aa. Wodi nzima ikawa inangoja upepo wa kaka yangu. Mzee wa kitanda cha jirani alimwahidi, "Mwalimu, siku ukiachia, sote tutasimama tukupigie makofi." Nami nilikuwa naweka kipimo cha kusikilizia tumboni kila saa, nikisikiliza. Hapakuwa na sauti yoyote.

Siku ya nne mzee huyo alimchekesha, na Ognyan akafungua kinywa. Kwenye ufizi wa chini, karibu na meno, palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Ule ni mstari wa sumu ya madini ya risasi.

"Kaka, umeshika nini? Rangi? Betri za gari?"

"Nashika chaki, Yordanka. Miaka kumi sasa."

Nikapeleka damu yake ipimwe Sofia, mji mkuu. Siku ya sita alitapika akiwa amelala chali, matapishi yakaingia kifuani, akafa kabla sijafika kitandani. Majibu yalikuja tumeshamzika. Yalisema nilichokuwa nimekijua, bila kusema risasi ilitoka wapi.

Hilo nililiona siku ya arobaini, jikoni kwa mjane wake. Tsveta alikuwa amechemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, akaitia sukari, na sasa alitaka kuwapa wageni maji ya kabichi, kwa kuwa Ognyan aliyapenda. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaonja. Harufu tu ilimchefua.

"Ghorofani pipa la mbao halienei, wifi," alisema. "Tangu tuoane tunayaweka humu."

Akanipa mtungi niubebe. Ulikuwa wa udongo, umepakwa rangi ya kijani inayong'aa kama kioo, kazi ya mfinyanzi mmoja wa milimani. Niliuchagua mimi mwenyewe kwa ajili ya harusi yao. Nikauinamisha dirishani. Nje bado uling'aa. Ndani, hadi pale maji yalipofika, mng'ao ulikuwa umeliwa, umebaki mkwaruzo wa kijivu. Wafinyanzi wetu wa zamani huing'arisha rangi kwa risasi, na hakuna kinachoila risasi kama uchachu. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza hata nyumbani kwa ndugu yangu wanakunywea nini.

Sebuleni wageni walikuwa wanangoja na vikombe.

Nikauachia.

"Umeniponyoka, wifi," nikasema.

Tsveta akapiga magoti kwenye maji. Kaburini hakuwa ametoa chozi; sasa alilia kwa sauti, akiviokota vigae na kuvipanga kwenye aproni.

"Hakuruhusu mtu aushike," alisema. "Kila asubuhi, kabla hajanywa, lazima aseme: huu ni wa dada yangu."

Nikachukua ufagio. Nikamwambia aangalie, asije akajikata.