Kokoto za Mwenyekiti Veijo

Kijijini kwetu Rutasuo hatuna kanisa la maana wala kiwanda, basi tunajivunia nundu. Ni kijimwinuko tu cha barabara ya kokoto kati ya misonobari, ng'ombe wangu huipanda bila hata kuhema. Lakini kila msimu wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari, duru ya huku kwetu Finland ikiwadia, magari huruka pale, na Mwenyekiti Veijo hugeuka mtu mwenye historia.

Historia yake ni moja. Miaka thelathini na minane iliyopita gari liliruka mita hamsini na moja juu ya ile nundu, na Veijo, enzi hizo kijana mwenye nywele, ndiye aliyepima kwa kamba ya kuanikia nguo ya mama yake. Ameisimulia sauna, kwenye bafu la mvuke, ameisimulia harusini, ameisimulia mazishini kwa mama mwenye kamba. Kamba yenyewe iko kwenye ukumbi wa kijiji, ndani ya kisanduku cha kioo. Mwaka jana kijiji cha jirani kikatangaza mita hamsini na tatu. Veijo alikonda.

Jumanne ya mashindano madereva walipita polepole, kama ilivyo kawaida, wakiandika barabara. Kila dereva ana mwelekezi wake, anayeandika kila kona na kila nundu daftarini. Siku ya mbio dereva anakwenda kwa kusikia anachosomewa, maana macho peke yake hayawahi. Kaka yangu Tuukka ni mwelekezi. Alipita nyumbani kunywa kahawa, akala vipande vinne vya mkate wa iliki, akanisomea ukurasa wetu.

"Nundu, gia ya sita, usiachie."

"Usiachie kabisa?"

"Mguu sakafuni, Saimi. Ukitua, barabara iko palepale inakungoja."

Ijumaa asubuhi, siku ya mbio, nilikuwa nakamua niliposikia trekta. Jua lilishapanda. Nilichungulia dirisha la zizi nikamwona Veijo anamwaga kokoto juu ya nundu, tela la kwanza, kisha la pili. Akashindilia, akasawazisha, akarudi nyuma kuitazama kazi yake kama bibi harusi mbele ya kioo. Mimi si mwepesi wa kusema. Nilimaliza ng'ombe wawili waliobaki, nikavaa kizibao changu cha rangi ya machungwa, maana siku hiyo nilikuwa msimamizi wa barabara, nikaenda na filimbi na redio yangu ya mawasiliano.

Magari ya usalama yalikuwa yamekwisha kupita. Yalitazama kama watu wako nyuma ya utepe, yakaona kokoto safi, yakapiga honi, yakaenda. Veijo alikuwa ukingoni ameshika kamba. Alikuwa ameitoa kwenye kisanduku chake.

"Mwenyekiti, umeinua nundu."

"Nimeitengeneza. Mvua iliila."

"Mvua gani ya kula kimo cha goti?"

"We Saimi, shule uliishia wapi?"

"Ya msingi."

"Basi nyamaza. Haya ni mambo ya fizikia."

Hilkka, jirani yangu anayeuza soseji pale kila mwaka, aliacha kugeuza soseji zake. "Fizikia ya tela mbili! Veijo, na wewe ulisoma chuo gani, cha kamba?"

Watu wakacheka. Veijo akanivuta pembeni. "Sikiliza, binti. Ukisema kwenye hiyo redio, wanafuta kipande chetu cha mbio. Wakifuta, msimu ujao hatumo kwenye ramani. Unawaona watu hawa wote? Utawaambia wewe?"

"Madaftari yaliandikwa Jumanne, mwenyekiti. Kokoto zako ni za leo. Tuukka atamsomea mwenzake asiachie."

"Si vizuri? Kakako ataruka mita sitini! Ataingia kwenye historia!"

"Ataingia kwenye misonobari."

Akatazama misonobari kule chini, na naapa ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona asubuhi ile. Mzee alipima kuruka miaka thelathini na minane, kutua hakuwahi kuwaza. Lakini aibu haikumkaa. "Angalau liruke gari la kwanza," akanong'ona. "Moja tu, nipime."

Gari la kwanza lilikuwa la Tuukka na mwenzake. Zilibaki dakika tisa.

Nikabonyeza redio. "Kituo cha kumi na nne. Nundu imebadilishwa baada ya madaftari kuandikwa. Simamisheni mbio."

"Imebadilishwa na nani?" redio ikauliza.

Veijo alinitikisia kichwa, macho yamemtoka.

"Na mwenyekiti wa kijiji. Nimesimama naye hapa. Nimpe redio aeleze fizikia?"

Hakuipokea.

Kipande kikafutwa. Magari yakapitishwa mwendo wa kwenda dukani, moja nyuma ya jingine, na watu waliotoka mbali wakayazomea kana kwamba makosa ni ya magari. Tuukka alikuwa na daftari limefungwa mapajani. Walipofika kwenye nundu aliinua macho, akaipima kutoka chini hadi juu, rangi ikamtoka. Akaniona. Hakupunga mkono.

Veijo bado alikuwa na kamba yake.

"Mwenyekiti, andika basi," Hilkka akaita. "Sifuri!"

Barua ya kututoa kwenye ramani ilifika Oktoba. Wengine kijijini hawanisalimii, nami silali njaa kwa hilo. Veijo sasa ana historia mbili. Ya pili inanihusu mimi, na anaisimulia palepale sauna. Mwanzoni alisema kokoto zilikuwa tela moja. Siku hizi zimebaki ndoo tatu.