Isale Halitupwi

Tangu mama yake afariki, Aikande na baba yake walikuwa wakizungumza kwa kupitia ng'ombe.

Si kwamba waligombana. Marehemu ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba ile, na alipoondoka, wawili waliobaki hawakujua pa kuanzia. Asubuhi moja bandani mzee Ebenezeri akamwambia ng'ombe, "Mwambie mwenzako majani yamekwisha," na Aikande, aliyekuwa kasimama palepale na ndoo ya maziwa, akaenda kukata mengine. Jioni naye akamweleza ng'ombe kwamba shuleni wanataka viatu vyeusi. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Sista kwa sababu alinunuliwa kwa masista wa Kikatoliki, na mzee Ebenezeri, ingawa alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, hakuona sababu ya kumbadili dini mnyama anayetoa maziwa vizuri.

Darasani, kidato cha pili, Aikande alijibu maswali kwa sauti iliyosikiwa na dawati lake tu. Mwalimu Remigius, aliyetoka Songea kuja kufundisha Kiswahili huku Old Moshi, ndiye aliyemwingiza kwenye kikundi cha maigizo. Mwalimu huyu aliyaamini maigizo kama akina mama wanavyoyaamini mafuta ya samaki. Alisema mtoto ukimvalisha nafsi ya mtu mwingine atayasema yale ambayo mwenyewe hathubutu, na akishayasema mara moja mdomo hausahau njia. Na kweli, siku Aikande alipojaribishwa kuwa mchuuzi mkorofi wa sokoni, ilimtoka sauti nene mpaka yeye mwenyewe akageuka kuangalia ni nani. Tangu siku hiyo alisubiri mazoezi kama wengine wanavyosubiri likizo.

Mzee Ebenezeri hakushawishika. Alimwambia Sista, Aikande akisikia, kwamba mtihani wa kidato cha pili hauulizi nani anajua kulia bila kupigwa. Siku ya Wazazi, igizo likionyeshwa, angekwenda, kwa heshima ya mwalimu. Baada ya hapo mwenzake Sista arudi kwenye vitabu, na habari za maigizo ziishe.

Igizo lenyewe lilihusu binti aliyetoroka nyumbani kwenda Kiboriloni kuuza mitumba. Anarudi kuomba msamaha, na baba yake anakataa. Mwalimu Remigius alikuwa amesikia kwamba Wachagga huomba msamaha kwa jani la isale, mmea ule wanaoupanda mipakani na makaburini, akalitia kwenye igizo. Nusu ya pili ya habari hakuna aliyempa: kwamba ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa, hata kama aliyelileta amekuchomea nyumba. Yeye akaandika kwamba baba analipokea, analichana, analitupa, ili wazazi wenye mioyo migumu wajione.

Wanafunzi waliliona kosa tangu siku ya kwanza. Lakini nani amsahihishe mwalimu? Isitoshe, mazoezini walitumia kipande cha jani la mgomba, na jani la mgomba unaweza kulichana upendavyo.

Wiki ya mwisho Fabian, aliyeigiza baba, akaugua matubwitubwi. Mashavu yalimvimba hata maneno hayakupata pa kupita. Aliyeyajua maneno ya baba kwa moyo alikuwa Aikande peke yake. Jioni hiyo akamwomba Sista ruhusa ya kuazima koti la baba yake, lile la kazi za bandani. Sista hakukataa.

Siku ilipofika, ukumbi wa chakula ulijaa wazazi. Jukwaani palikuwa na kigoda, na ng'ombe wa blanketi, Primus akiwa kichwa na Julius akiwa makalio. Aikande akatoka na koti lililonuka maziwa na moshi, mikono nyuma, akikohoa kikohozi cha baba yake kabla ya kusema neno. Watu wakaanza kuchekea mikononi. Mzee Ebenezeri, mstari wa mbele, akakohoa vilevile bila kujijua, na hapo wakacheka waziwazi.

Kisha akaingia Gladys, binti mtoro. Gladys alikuwa na bidii kupita kiasi, na asubuhi ile, pasipo kumwambia mtu, alikuwa amekata isale la kweli mpakani kwao. Akapiga magoti, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Aikande akalipokea. Alijua kinachofuata: kuchana, kutupa, kusema "Ondoka machoni pangu." Mkono ukagoma. Lilikuwa jani lilelile linaloota kichwani mwa kaburi la mama yake.

"Lichane," mwalimu Remigius akanong'ona nyuma ya pazia. "Aikande, lichane, litupe."

Mzee Yakobo, mmoja wa wazee wa kijiji, aliyekuwa na masikio mazuri kuliko umri wake, akasimama na fimbo yake. "Mwalimu," alisema kwa upole, kama anayemrudisha mgeni njiani, "hilo halitupwi."

Mwalimu akachungulia. Akaona uso wa mzee Yakobo, akaona nyuso nyingine zote, akarudi nyuma ya pazia asinong'one tena.

Aikande akabaki na jani, na Gladys aliyeanza kuumwa magoti, na igizo lisilokuwa na maneno yaliyobaki. Akajiuliza mwenye koti hili angesema nini. Jibu lilikuja lenyewe. Akamgeukia yule ng'ombe wa blanketi.

"Sista," akasema, kwa ile sauti nene, "mwambie mwenzako chakula chake kipo jikoni. Mwambie tumekuwa tukikipasha moto kila siku."

Old Moshi nzima ilijua habari za mzee Ebenezeri na ng'ombe wake. Kicheko kilichopasuka kilimtisha Julius, ambaye huko nyuma hakuona lolote. Akadhani igizo limekwisha, akatoka kivyake, na ng'ombe akabaki nusu. Katikati ya vigelegele Aikande aliiona mikono ya baba yake imefunika uso. Hakuweza kujua anacheka au analia.

Walirudi nyumbani, Aikande akiwa na hakika kwamba amemwaibisha mzee mbele ya ukoo na kanisa.

Asubuhi alimkuta bandani. Mzee Ebenezeri alikuwa amevaa koti lake, na mkononi alishika isale. Akafanya alivyozoea: akamnyooshea ng'ombe.

"Sista, mpe mwenzako hili. Mwambie..."

Sista akalinusa, akalivuta, akalitafuna.

Wakamtazama. Alitafuna taratibu mpaka ncha ya mwisho ikapotelea mdomoni. Mzee akatazama mkono wake mtupu, akatazama huku na huku, kukawa hakuna mwingine wa kutumwa.

"Aikande," akasema.

"Abee, baba."

"Jana mama yako angecheka mpaka akae chini."

"Ndiyo, baba."

Akakohoa kile kikohozi. "Mazoezi huwa siku gani?"

"Jumatano na Ijumaa."

"Basi siku hizo majani nitakata mimi." Akachukua panga, akaondoka, mlangoni akageuka. "Ila kikohozi ulikizidisha. Mimi sikohoi hivyo."

Akatoka akikohoa hivyohivyo, na Aikande akaegemea ubavu wa Sista, akacheka kwa sauti.