Kopo la Mafuta Kando ya Jiko

Nitaanza na wifi yangu Lavonne, maana hasira zangu nyingi za mwaka ule zilianzia kwake. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikuja kula kwetu, na kila Jumapili aliinyanyua nyama kwa uma, akaigeuza huku na huku, akanitazama.

"Wifi, hii imepikwa au imeogeshwa?"

Mume wangu Verlyn moyo ulimwangusha zizini mwezi wa Januari, katikati ya kukamua ng'ombe. Daktari alisema mafuta yaondoke mezani, la sivyo mahindi ya mwaka ule yangevunwa na mtu mwingine. Na Verlyn bila nyama ya kusaga hajala. Nikanunua maikrowevu, nikajifunza. Nyama unaivunjavunja ndani ya chujio la plastiki, chujio unaliweka juu ya bakuli, dakika tatu, unakoroga, dakika mbili tena. Mafuta yote yanachuruzika bakulini. Nyama inatoka ya kijivu, hilo sikatai. Lakini rangi ya kijivu haijamzika mtu.

Nilifanya hivyo kila siku ya Mungu. Siagi niliiondoa. Maziwa nilimpa yaliyoenguliwa, yeye mwenye ng'ombe arobaini. Alinuna, akala. Mwezi wa Aprili tukarudi kwa daktari. Akasoma karatasi ya damu, kisha akanitazama mimi, si mgonjwa wake.

"Mama, hali ni mbaya kuliko Januari. Kwani unampikia nini?"

Tukiwa bado njiani, mkosaji nilikuwa nishampata. Nani mwingine anaingia jikoni kwangu kama kwake? Ni Lavonne, anayewaambia wenzake kanisani kwamba namnyima kaka yake chakula. Jumapili nilimsubiri mlangoni, hata koti hajavua.

"Unamlisha nini kaka yako nikigeuka?"

"Mimi?"

"Wewe. Au unangoja tumzike ndipo moyo wako utulie?"

Lavonne ana mdomo, wilaya nzima inajua. Siku ile hakuutumia. Aliweka mkoba wake mezani, akaenda kando ya jiko, akachukua kopo la kahawa ninamowekea mafuta.

Hapa lazima niseme kitu. Kwetu mafuta ya nyama hayamwagwi kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Wala hayatupwi. Mama yangu alitulea miaka ya dhiki, na kopo kama hilo halikuondoka kando ya jiko lake hadi alipokufa. Kwa hiyo kila nikishachuja, bakuli nililimiminia humo. Kuyapikia sikuyapikia, haki ya Mungu. Niliyaweka tu.

"Wifi, unachuja nyama tangu Januari," Lavonne akasema. "Kopo hili lilipaswa kuwa limejaa mara nne. Mbona liko nusu?"

Nikachungulia. Mafuta meupe yalikuwa yameganda, na juu yake kulikuwa na alama za kisu, moja kando ya nyingine, za mtu asiye na haraka.

Verlyn alikuwa keshaketi mezani, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Kipande kimoja tu cha mkate," akasema. "Alfajiri, kabla ya kukamua. Na chumvi kidogo. Mama alikuwa anatupatia hivyo."

"Alitupatia," Lavonne akamjibu. "Na baba tukamzika ana miaka hamsini na miwili. Wewe una mingapi?"

Alikuwa na hamsini na mmoja. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu, na wifi yangu, ambaye hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, akayaongezea ya kwake. Tulimsema mpaka viazi vikapoa. Nikamuuliza kama alikuwa ananicheka, mimi niliyesimama mbele ya kile chombo miezi mitatu nikihesabu dakika kwa ajili ya uhai wake.

Akatikisa kichwa. Hakuwa anacheka hata kidogo.

"Nilidhani unajua, Arlys," akasema. "Kila nikimaliza, unaniongezea."

Nililibeba kopo hadi kwenye pipa la kuchomea taka nyuma ya ghala, nikalitupa lote, mafuta na bati lake. Niliporudi, Lavonne alikuwa anakula nyama yangu ya kijivu, na Verlyn naye anakula.

Jumatatu nilichuja nyama kama kawaida. Nikachukua bakuli, nikageukia jiko huku nikiendelea kumfokea Verlyn juu ya buti zake za matope, na mkono wangu ukamimina. Mafuta yalitapakaa juu ya jiko, pale kopo lilipokuwa likikaa siku zote, yakaanza kutiririka hadi sakafuni. Nikabaki nimeshika bakuli tupu. Verlyn aliinuka, akachukua kitambaa, akapiga magoti kuyafuta.