Ng'ombe Kumi na Mmoja

Wino haukutoka. Kayumba aliusugua kwa mchanga wa mto, akausugua kwa majivu, na bado kidole cha kati cha mkono wa kuume kilibaki na doa la bluu kando ya ukucha, pale kalamu ilipolala miaka kumi na saba. Ng'ombe wake walikuwa wamemaliza kunywa. Mbele yao njia ya Rurambo ilipanda mlimani, lakini kabla ya mlima kulikuwa na gogo limelazwa njiani, na watu wenye mikuki na bunduki mbili wamelikalia.

"Kidole hicho ungekikata tu," alisema Rwabuhihi bila kumtazama. "Una vingine tisa."

Rwabuhihi alikuwa mdogo wa baba yake, mchungaji maisha yake yote. Hakucheka aliposema hivyo, na Kayumba alielewa kwamba mzee naye anaogopa.

Wiki mbili nyuma, Kayumba alikuwa karani mkuu wa kampuni ya pamba kule Luberizi. Wabelgiji walipoondoka baada ya uhuru, yeye ndiye aliyeachiwa funguo, kiti chenye mto, na nyumba ya matofali. Lakini alipokuwa na miaka tisa baba yake aliuza ng'ombe wa mwisho ili yeye asome kwa wamisheni, na tangu siku ile hakutaka kitu kingine duniani ila kurudi Rurambo akiwa na ng'ombe wake mwenyewe. Alinunua mtamba mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, akamkabidhi Rwabuhihi awachunge bondeni. Kila Jumamosi alivua viatu akaenda kukamua. Gaspard, karani wa meza ya pili ofisini, alimwuliza kama siku hizi ng'ombe nao wanapiga mhuri.

Mkewe, Mukansanga, hakutania. Alimwambia mara moja tu, huku akikunja nguo za watoto, kwamba watu wanatoana roho kwa ajili ya kiti kama kile, na yeye anakiacha kama kiatu kilichotoboka. Kisha akatangulia mlimani na watoto. Kayumba akaandika barua ya kuacha kazi, akaitia sahihi, akaipiga mhuri mwenyewe.

Siku tisa baadaye waasi walishika barabara. Walitafuta makarani, wakiwaita watu wa Wabelgiji. Walitazama viganja, walitazama vifundo vya miguu kama soksi zimeacha alama. Ilisemekana kwamba huko Luvungi mtu mmoja alikutwa na kalamu mfukoni, na hakufika jioni.

Kayumba na Rwabuhihi walifika kwenye gogo. Kutoka nyuma ya ghala la zamani la pamba, hatua mia moja kutoka pale, ng'ombe wengi walikuwa wakilia, kilio kirefu kisichokatika. Kayumba alificha kidole ndani ya ngumi iliyoshika fimbo. Mkubwa wa watu wale alikuwa mtu mzima, amevaa koti la askari na majani kichwani. Wenzake walimwita Komanda.

"Munatoka wapi?"

Rwabuhihi alijibu kwamba majani ya bondeni yameisha, wanapandisha mifugo, na mwenye mifugo ni huyu mtoto wa kaka yake. Komanda akamgeukia Kayumba.

"Iko ngapi?"

"Kumi na mmoja," alisema Kayumba.

Jibu lilitoka upesi, safi, kama lilivyokuwa likitoka ofisini. Alisikia pumzi ya Rwabuhihi ikikatika, na hapo ndipo alipojua alichofanya. Mchungaji wa kwao hahesabu ng'ombe. Kuwahesabu ni kuita kifo kije kuwapunguza. Ukimwuliza, atakuambia ni hawa unaowaona, au atakutajia majina yao mpaka uchoke kusikiliza. Na jioni humjua aliyepotea kwa kuona pengo lake.

Komanda aliteremka kwenye gogo, taratibu.

"Minye nilichunga miaka kumi na mbili," alisema. "Sijasikia muchungaji anataja namba. Weye ni karani."

Kayumba akasema kweli yote: alikuwa karani, ameacha, hakufukuzwa wala hakutoroka, ameacha kwa sababu tangu utoto alitaka ng'ombe. Alipojisikia akisema, kweli yenyewe ilikuwa kama uongo wa mtoto aliyeiba sukari.

"Hakuna muntu anaacha kiti sababu ya ng'ombe," alisema Komanda.

"Pengine kiti kilikuwa na misumari," alisema mmoja nyuma, na wote wakacheka, isipokuwa Komanda. Yeye alinyoosha mkuki kumwelekea Gaju, ng'ombe wa rangi ya udongo mwekundu mwenye ndama.

"Kamua ile. Tutaona."

Kayumba alimfunga Gaju miguu ya nyuma. Alimwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, akamvuta, akamsimamisha mbele ya mama yake amrambe. Akachutama, akabana kibuyu kati ya magoti. Mikono ilikuwa baridi. Gaju alijua. Alikaza mwili, na chuchu zikawa tupu kama vidole vya glavu. Nyuma ya shingo yake Kayumba alisikia mtu akivuta bunduki kuiweka sawa.

Alimwachia ndama tena. Alifumba macho, akaanza kumsifu Gaju kwa sauti ya chini, yeye na mama yake na mama wa mama yake, kwa maneno aliyoyasikia kwa baba yake na ambayo hakuwahi kuyaandika popote. Akamvuta ndama, akashika chuchu tena. Akaendelea hivyo hivyo. Kwanza lilitoka tone, kisha uzi, kisha maziwa yakaanza kupiga kibuyu na povu likapanda.

Komanda alikunywa, akafuta midomo kwa mkono wa koti.

"Kweli," alisema. "Uko muchungaji." Kisha akamrudishia Rwabuhihi kibuyu. "Muzee apite na ng'ombe yenu. Weye unabaki."

Kayumba hakuelewa. Komanda akaonyesha ghala kwa kidevu. Ng'ombe wale walichukuliwa kwa watu wa bondeni, alisema, sasa ni wa mapinduzi, na yeye mwenyewe ana vita, wala kati ya watu wake hakuna anayejua kuwakamua. Siku tatu wanalia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka vita iishe."

Rwabuhihi alisimama akishika fimbo yake kwa mikono miwili. Aliuliza amwambie nini Mukansanga. Kabla Kayumba hajajibu, mtu mwenye bunduki akamsukuma kuelekea ghalani.

Ndani ya ua ng'ombe walisongamana, viwele vimevimba na kung'aa, na ndama wamefungiwa upande wa pili wa ukuta. Hakumjua hata mmoja. Hakujua majina yao, wala mama zao. Alimsogelea aliyekuwa karibu, mweusi, akachutama, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wake. Mlango ulifungwa nyuma yake. Akanyoosha mkono chini, polepole, akimtafutia jina.